Maswali ya Wasomaji: Baiskeli Katika Nyika na Misitu ya Peak District

Katika toleo lililopita tulieleza kwa ufupi jinsi mkazi wa Sheffield anavyoweza kutoka mjini kwa baiskeli na, kabla saa moja haijatimia, akajikuta juu ya nyika za milimani za Peak District, hifadhi ya kwanza ya taifa nchini Uingereza, iliyotangazwa mwaka 1951. Hatukutarajia barua nyingi kiasi hiki. Baadhi zimetoka kwa ndugu zetu walioishi chini ya vilima hivyo kwa miaka mingi bila kuvipanda hata mara moja. Tumechagua saba na kuzifupisha, ila majibu tumeyaacha yawe marefu pale jambo lenyewe lilipotaka maelezo.

Nimeishi Sheffield tangu 2009. Mwezi uliopita nilikuwa nikiendesha baiskeli na mwanangu kwenye njia nyembamba karibu na Hathersage, tukakutana na mzee aliyekuwa akitembea na mbwa wake. Alitusimamisha akatuambia kwamba njia ile si ya baiskeli. Hakututukana, lakini nilifedheheka mbele ya mtoto. Je, alisema kweli? Na kama ni kweli, mtu atajuaje njia ipi imeruhusiwa?
*Baba wa kijana mmoja, Sheffield*

Ndugu yetu, pole kwa fedheha hiyo, ingawa yawezekana sana kwamba mzee huyo alisema kweli. England na Wales kila njia ya umma inayokatiza mashamba, misitu na nyika ina daraja lake kisheria, na daraja hilo ndilo linaloamua nani apite. Njia ya miguu ni ya watembeao tu. Njia ya farasi ni ya watembeao, wapanda farasi na, tangu Sheria ya Mashambani ya mwaka 1968, waendesha baiskeli pia. Kifungu cha 30 cha sheria hiyo kilitupa haki hiyo kwa sharti moja, nalo ni kwamba mwendesha baiskeli lazima ampishe mtembea kwa miguu na mpanda farasi. Wengi hudhani kupisha ni adabu tu, kumbe ndiyo masharti yenyewe ya kuwapo kwetu pale.

Kuzitambua njia ni rahisi mtu akishafundishwa mara moja. Kwenye nguzo na mageti hubandikwa mishale: wa manjano ni njia ya miguu, wa buluu ni njia ya farasi, na ya zambarau na nyekundu ni ya njia za kale ambazo baiskeli pia imeruhusiwa. Kwenye ramani za Ordnance Survey za kipimo cha 1:25,000, njia ya miguu huchorwa kwa vistari vifupi vya kijani na njia ya farasi kwa vistari virefu vya kijani. Karatasi ya nyika za kaskazini mwa hifadhi ni ile yenye alama OL1, nami ningekushauri uinunue na kuitandaza mezani pamoja na mwanao jioni moja kabla ya kutoka, kwa sababu mtoto aliyejifunza kusoma ramani hafedheheki tena njiani, wala babaye.

Utagundua jambo moja mkiitazama ramani hiyo: njia zilizo halali kwa baiskeli ni chache, takriban moja kwa kila tano. Kupita na baiskeli kwenye njia ya miguu kwa kawaida si jinai, bali ni kuingia ardhi ya mtu bila haki, jambo la madai kati yako na mwenye ardhi. Lakini hilo halitufanyi tuwe na haki. Hata Sheria ya mwaka 2000, iliyowafungulia watu nyika na milima watembee popote wapendapo nje ya njia, haikuitaja baiskeli miongoni mwa walioruhusiwa.

Naomba nikueleze pia kwamba uhuru huo wa kutembea wenyewe haukuja kwa urahisi. Tarehe 24 Aprili 1932 mamia ya vijana, wengi wao wafanyakazi wa viwandani, walipanda kwa makusudi mlima Kinder Scout, ambao wenye ardhi walikuwa wameufunga kwa ajili ya uwindaji wa ndege, na vijana watano wakafungwa jela kati ya miezi miwili na sita kwa fujo zilizotokea huko. Kiongozi wao, Benny Rothman, alikuwa na umri wa miaka 20, na kwa kuwa polisi walikuwa wakimsubiri kwenye stesheni ya treni, alifika Hayfield, kijiji kilicho chini ya mlima huo, kwa baiskeli. Huwa nalikumbuka hilo kila ninapofikia geti lenye mshale wa manjano na kulazimika kugeuza. Mimi naamini sheria ya njia imepitwa na wakati, kwa maana ziko njia za miguu pana na ngumu zinazoweza kubeba baiskeli bila madhara, na ziko njia za farasi ambazo ni matope matupu. Hata hivyo sheria hubadilishwa kwa kuandika barua kwa halmashauri na kujiunga na wanaoidai, na mtu anayempita mzee kwa kasi kwenye njia isiyo yake huwapa wapinzani wetu sababu ya kukataa. Ukikutana na yule mzee tena, simama, msalimie, mwambie umenunua ramani.

Nina watoto wawili, wa miaka 9 na 12. Wanaweza kuendesha barabarani, lakini mlima ni jambo jingine na mimi mwenyewe ni mwoga wa mteremko. Tuanzie wapi?
*Mama wa wawili, Chesterfield*

Dada yetu, anzieni Fairholmes, chini ya ukuta wa bwawa la Derwent. Pale pana mahali pa kukodi baiskeli za rika zote pamoja na helmeti, kwa hiyo hamna haja ya kununua chochote kabla ya kujua kama watoto wamependa. Kutoka hapo barabara ya lami hupanda taratibu upande wa magharibi wa mabwawa ya Derwent na Howden, katikati ya misonobari, na mwishoni mwa wiki na siku za sikukuu hufungwa kwa magari. Inapokoma, njia ya kokoto huendelea hadi Slippery Stones, mahali penye daraja la mawe la zamani, kisha mnarudi upande wa mashariki kwa njia pana ya msituni. Mzunguko mzima ni kama kilomita 16. Kwa mtoto wa miaka 9 huo ni mwendo wa siku nzima ukihesabu vituo vya kula, nanyi msione haya kugeuza katikati.

Waelezeni watoto habari za daraja lile, maana halikujengwa hapo. Lilikuwa katika kijiji cha Derwent, ambacho kilizamishwa pale bwawa la Ladybower lilipojazwa maji miaka ya 1940. Daraja lilivunjwa jiwe moja moja kabla ya maji kuja, likajengwa upya mahali lilipo sasa na kukamilika mwaka 1959. Katika ukame mkali, kama ule wa 2018, mabaki ya kijiji huonekana tena kwenye tope la ziwa.

Mkishafanya safari hiyo mara mbili au tatu, nendeni Lady Cannings, shamba la miti juu ya Sheffield karibu na kijiji cha Ringinglow. Ndani yake zimo njia zilizochongwa kwa ajili ya baiskeli peke yake, zenye mawimbi na kona zilizoinuliwa upande mmoja kama bakuli, na zilijengwa kuanzia 2016 kwa juhudi za wakazi wenyewe wanaopenda mchezo huu. Njia za namna hiyo nchini humo hupangwa kwa rangi: kijani kwa wanaoanza kabisa, buluu kwa wenye uzoefu wa wastani, nyekundu kwa wazoefu na nyeusi kwa mabingwa. Ya kwanza kujengwa Lady Cannings ni ya buluu. Ama uoga wako wa mteremko, tiba yake iko mwilini: simama juu ya pedeli, magoti yakiwa yamelegea, sogeza makalio nyuma kidogo ya kiti, weka kidole kimoja au viwili tu juu ya breki, na utazame mbali mbele ya gurudumu. Anayelitazama jiwe hulifuata jiwe. Mjaribu mara tano kwenye kamteremko kafupi, halafu mwendelee.

Mimi na wenzangu watatu tulivuka njia ya Cut Gate, kutoka Langsett hadi bonde la Derwent, mwishoni mwa Novemba. Huko juu gurudumu langu la mbele lilizama hadi kwenye ekseli, nikarushwa juu ya usukani nikaangukia matope meusi. Wenzangu waliyakwepa kwa kupita pembeni, juu ya vichaka. Je, kuna ufundi wa kuvuka matope yale, au tairi pana zaidi zingetusaidia?
*Kijana, Barnsley*

Kijana wetu, ufundi wa kwanza wa Cut Gate ni kutokwenda Novemba. Nitakueleza sababu kwa kirefu, kwa kuwa hili ndilo jambo ambalo ningependa kila anayepanda vilima hivyo kwa magurudumu alijue kuliko jambo lingine lolote.

Njia hiyo ni ya kale sana. Wakulima wa bonde la Derwent waliitumia kupeleka mifugo sokoni Penistone, na ndiyo maana leo ni njia ya farasi na wewe una haki kamili ya kuipita. Inaanzia kwenye miti ya Langsett, inapanda ukingo wa bonde, inakatiza nyika tupu kwa urefu wa zaidi ya mita 500 juu ya usawa wa bahari, kisha inateremka kwa mawe hadi Slippery Stones. Sehemu kubwa ya ardhi unayoipita huko juu si udongo. Ni mboji, yaani mabaki ya mimea ambayo hayakuoza kwa sababu yamelowa maji daima na hayapati hewa. Mmea mkuu unaoitengeneza ni sfagnamu, mmea mdogo laini kama sifongo, unaokua kwa juu huku sehemu yake ya chini ikifa na kugandamizwa. Kwa njia hiyo mboji huongezeka kwa takriban milimita 1 tu kwa mwaka. Fanya hesabu mwenyewe: mtaro wa sentimita 10 ambao tairi zenu zilichimba alasiri ile ni kazi ya miaka 100, na shimo la mita moja ni kazi ya miaka 1,000.

Na nyika hizi zilishaumia kabla sisi hatujazaliwa. Moshi wa viwanda vya Manchester na Sheffield ulishuka juu yake kama mvua ya tindikali kwa zaidi ya karne moja na kuua sfagnamu kwenye maeneo mapana, moto ukateketeza vilivyobaki, mboji ikabaki uchi, na mvua ikaikata mifereji ambayo pengine ina kina kupita urefu wa mtu. Mboji inapokauka au kusombwa, kaboni iliyohifadhiwa ndani yake kwa maelfu ya miaka hurudi hewani, na maji yanayoingia kwenye mabwawa, maji yale yale yanayotoka kwenye mabomba ya nyumbani kwenu, huwa ya rangi ya chai na hugharimu fedha kusafishwa. Tangu 2003 ushirika uitwao Moors for the Future umekuwa ukiziba mifereji hiyo kwa mawe na kupanda sfagnamu upya, tawi kwa tawi, na helikopta zikipeleka mizigo mahali ambapo hakuna barabara. Mtu akishaiona kazi hiyo kwa macho yake hawezi tena kupita juu ya mboji mbichi kwa moyo mwepesi.

Kwa hiyo kosa la wenzako lilizidi la kwako, japo wewe ndiye uliyeanguka. Anayepita pembeni huua mimea ya ukingoni, ukingo hugeuka matope, anayemfuata husogea nje zaidi, na njia iliyokuwa na upana wa meta moja huwa na upana wa kumi. Ukikuta tope lisilokwepeka, shuka na ulivuke katikati kwa miguu, baiskeli begani au mkononi, hata kama viatu vitalowa. Usifunge breki ya nyuma hadi gurudumu likaburuzika, maana mburuzo ndio unaochana. Tairi pana zingekusaidia kidogo, kwa kuwa uzito hugawanyika, lakini hazigeuzi kinamasi kuwa barabara.

Nenda Cut Gate baada ya majuma mawili au matatu makavu, au katika siku za baridi kali ambapo ardhi imeganda. Mwaka 2018 njia hiyo ilikuwa miongoni mwa zile zilizochangishiwa fedha za ukarabati katika kampeni ya Mend Our Mountains ya Baraza la Upandaji Milima la Uingereza, na waendesha baiskeli walichanga kwa moyo. Yaani watu wa mchezo wetu wametoa fedha zao mfukoni kuitunza, nasi tusiihujumu. Siku za mvua zipo njia nyingine zenye msingi mgumu. Houndkirk Road, juu ya Sheffield, ilikuwa barabara ya ushuru katika karne ya 18, na kule Ringinglow ingali imesimama nyumba ya mtoza ushuru yenye pande nane. Barabara hiyo ni ya mawe na mchanga mzito, hukatiza nyika kutoka Ringinglow hadi Fox House, na mvua ya juma zima haiiathiri sana. Pale utapata upepo na upeo wote unaoutaka bila kumchimbia mtu yeyote karne yake.

Neno moja zaidi kuhusu majira. Kati ya Machi na Julai ndege wengi wa nyika hutaga chini, katikati ya vichaka vya hetha. Yupo mmoja mwenye mdomo mrefu uliopinda kuelekea chini, aitwaye curlew, ambaye jamaa zake tunawaona wakitembea kwenye matope ya mikoko yetu kuanzia Lamu hadi Mtwara. Yeye hutaga kwenye nyika hizi, na akishtushwa mara kwa mara huyaacha mayai yapoe. Miezi hiyo baki katikati ya njia kabisa.

Mimi ni mwanamke wa Kiislamu, navaa hijabu, na ningependa kujifunza kuendesha baiskeli milimani. Naishi Manchester, sina gari. Nina maswali mawili: helmeti itakaaje juu ya hijabu, na je, sitakuwa kituko huko?
*Dada, Manchester*

Dada yetu mpendwa, la helmeti lina jibu fupi. Vaa ndani kilemba chembamba cha kitambaa kinachonyonya jasho, kisichokuwa na fundo wala mikunjo mizito kisogoni, na usitumie pini hata moja, kwa sababu pini chini ya helmeti ni hatari mtu anapoanguka. Ukienda dukani kupima helmeti nenda umevaa kitambaa hicho hicho. Ikae sawa juu ya paji la uso, kiasi cha vidole viwili juu ya nyusi, na mkanda wa kidevuni uruhusu kidole kimoja au viwili tu kupita. Mtandio wa nje utie ndani ya jaketi. Gauni refu au buibui usiendeshee, maana pindo likinaswa na mnyororo au spoki utaanguka bila onyo. Suruali pana iliyobanwa vifundoni, na juu yake kanzu fupi ifikayo mapajani, hustahi vizuri na haizuii miguu.

Kutokuwa na gari si kizuizi. Treni ya kutoka Manchester kwenda Sheffield hupita katikati ya hifadhi. Mara inapotoka kwenye handaki la Cowburn, lenye urefu wa zaidi ya kilomita 3, bonde la Edale linafunguka mbele yako. Nafasi za baiskeli ndani ya treni hizo ni chache, basi panda mapema asubuhi. Usishuke Edale kwa safari ya kwanza, kwa sababu njia ya farasi inayotoka hapo hupanda kwa ukali hadi Jacob's Ladder, na njia maarufu ya Pennine Way inayoanzia kijijini humo ni ya miguu. Endelea hadi Bamford. Kutoka hapo utapata Thornhill Trail, njia tambarare iliyokuwa ya reli ya kubebea mawe ya kujengea mabwawa, ambayo hukupeleka chini ya miti hadi karibu na ukuta wa Ladybower.

Swali la pili ndilo lililonigusa. Sitakudanganya: baadhi ya watu watakutazama, kwa kuwa bado hawajazoea kutuona huko. Wengi watakusalimia, maana desturi ya vilimani ni kusalimiana na kila mtu, jambo ambalo mjini halipo na ambalo sisi tunalifahamu tangu utotoni. Nenda mara ya kwanza na wenzako wawili au watatu. Vikundi vya baiskeli vya wanawake vipo Manchester na Sheffield, na vingine huendeshwa na wanawake wa Kiislamu wenyewe. Nyika ile ni hifadhi ya taifa unaloishi na kulilipia kodi. Hukuja kuomba.

Nitakuja Sheffield kusoma mwezi Septemba. Nina baiskeli nzuri ya milimani ninayoiendesha kwenye njia za migombani na mashamba ya kahawa huku Marangu. Je, nije nayo?
*Mwanafunzi mtarajiwa, Moshi*

Usije nayo, mdogo wetu. Gharama ya kuisafirisha kwa ndege, kwenda na kurudi, inaweza kukununulia iliyotumika huko, na Sheffield ni mji wa baiskeli hizi: Steve Peat, bingwa wa dunia wa mbio za mteremko wa mwaka 2009, alizaliwa na kukulia huko. Tafuta karakana za hisani zinazokarabati baiskeli kuukuu, ambazo huuza kwa bei nafuu baada ya fundi kuzikagua. Ukinunua kwa mtu binafsi, geuza baiskeli juu chini usome namba ya fremu, kisha uihakiki kwenye daftari la taifa la BikeRegister, kwa sababu wizi wa baiskeli ni mwingi na hutaki kununua machozi ya mwenzako. Kagua shokomzoba za mbele kwa kuzibonyeza: zikivuja mafuta, achana nayo. Uwekewe breki za diski, maana za mpira hupoteza nguvu zikilowa, na mchanga wa mawe ya huko hula mpira na rimu kwa pamoja. Breki ya mbele kwa kawaida huwa mkono wa kulia. Mguu ulionao wa kupandia miteremko ya Kilimanjaro utakufaa sana, ila uje na koti la mvua.

Nimesoma kwamba Scotland mtu anaruhusiwa kuendesha baiskeli popote. Ni kweli?
*Msomaji, Edinburgh*

Karibu na kweli. Sheria ya Mageuzi ya Ardhi ya Scotland ya mwaka 2003 inampa kila mtu haki ya kupita kwa miguu, farasi au baiskeli kwenye sehemu kubwa ya ardhi na maji ya ndani, mradi afanye hivyo kwa uangalifu. Bustani za nyumba za watu na mashamba yenye mazao yaliyoota havimo. Mzigo wa kuamua umewekwa juu yako: njia ikiwa laini mno kwa magurudumu, haki yako haikuruhusu kuiharibu. Kwako wewe wa Edinburgh, msitu wa Glentress karibu na Peebles uko jirani. Ni mojawapo ya vituo vya baiskeli za milimani viitwavyo 7stanes, kusini mwa Scotland, na mbio za cross-country, yaani za mzunguko wa kupanda na kushuka, za mashindano ya dunia ya mwaka 2023 zilifanyika humo, ambapo Tom Pidcock alishinda kwa upande wa wanaume na Pauline Ferrand-Prévot kwa upande wa wanawake.

Nina umri wa miaka 63 na mwanangu amenizawadia baiskeli ya umeme. Napenda kwenda peke yangu, alfajiri, kabla watu hawajajaa. Familia inanikataza. Je, baiskeli hiyo imeruhusiwa kwenye njia za farasi, na nibebe nini ili nyumbani wapate amani?
*Mzee, Rotherham*

Shikamoo mzee wetu. Baiskeli ya umeme imeruhusiwa popote ilipo halali baiskeli ya kawaida, ikiwa mota yake haizidi wati 250, hukusaidia pale tu unapokanyaga pedeli, na huacha kukusaidia ukifikia maili 15.5 kwa saa. Ikizidi hapo sheria huihesabu kuwa pikipiki, nayo haina ruhusa. Kumbuka kwamba ni nzito: betri ikikwisha juu ya nyika utaisukuma kwa jasho, kwa hiyo geuza ikiwa imebaki nusu.

Kwenda peke yako si kosa, na utulivu wa alfajiri nyikani hauelezeki kwa maneno. Lakini familia yako ina hoja. Kabla ya kutoka andika kwenye karatasi njia utakayopita na saa utakayorudi, uiache mezani. Chukua tyubu ya akiba, pampu, kifaa cha kuungia mnyororo, maji, kitu kitamu, nguo kavu ya sufu, taa, filimbi na ramani ya karatasi, kwa kuwa simu hufa kwa baridi na mabondeni mara nyingi haipati mtandao. Juu kule kuna baridi kuliko mjini, na ukungu unaweza kushuka kwa dakika chache hadi usione geti ulilotoka kulifungua. Mwezi Desemba jua huzama kabla ya saa kumi jioni, ilhali Juni mwanga hukaa hadi kama saa tatu na nusu usiku. Ukirudi jikague kupe, hasa nyuma ya magoti na kiunoni. Ukimkuta, mvute taratibu kwa kibano karibu na ngozi, na likitokea duara jekundu linalopanuka siku au majuma baadaye, muone daktari, kwani kupe wa huko wanaweza kueneza ugonjwa wa Lyme.

Ukiumia, piga 999, uombe polisi, kisha useme unahitaji waokoaji wa milimani. Hao ni watu wa kujitolea, hawadai malipo, na hutoka usiku na mchana. Mtandao ukiwa dhaifu mno kwa sauti, ujumbe mfupi kwa namba hiyo hiyo unaweza kupita, ila sharti uwe umejiandikisha kabla: tuma leo hii neno "register" kwenda 999 na ufuate maelekezo yatakayorudi. Simu ikishindikana kabisa, puliza filimbi mara sita ndani ya dakika moja, nyamaza dakika moja, kisha rudia, wala usiache kupuliza hata ukishasikia wanajibu, kwa sababu katika ukungu sauti hiyo ndiyo itakayowafikisha ulipo.